Kombe la Makombo

PANKO: Haloo? Nani huyo? Kama ni wa kuuza bima, mimi nimeshakufa.

[mkwaruzo: krr, krr]

HANIA: Maiti haishiki simu, Panko. Ni mimi dada yako.

PANKO: Hania! Mbona namba siyo—

HANIA: Ni simu ya mwanangu Irka. Yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya bitiruti, ikaiva pamoja nazo. Irka kaniambia salio lake ni la kubana, niseme nimalize. Hujambo lakini?

PANKO: Sijambo. Nyonga je?

HANIA: Ipo. Inajua mvua kabla ya redio. Ngano imeota?

PANKO: Imeota. Mungu akikojoa kidogo tutavuna. Saskatoon kwema?

HANIA: Kwema, ila— [krr, krrrr] —ila hii simu yako vipi? Kama mtu anasugua sufuria na mchanga.

PANKO: Laini hizo. Nguzo zenyewe aliziacha marehemu baba zimeinama. Upepo ukipiga kidogo, ndiyo hivyo.

HANIA: Kuna upepo huko leo?

PANKO: Upo. Wa kiasi.

HANIA: Aa. Na skafu nayo ni ya upepo?

PANKO: Skafu gani?

HANIA: Zonia wa dukani kanisimulia. Anasema siku hizi unaingia kununua mkate umejifunga skafu mpaka chini ya macho. Mwezi wa sita, joto lote hili, Panko. Watoto wamevaa kaptula, wewe skafu.

PANKO: Zonia apime sukari aache kupima nyuso za watu. Ni jino.

HANIA: Jino.

PANKO: La nyuma. Likipigwa na hewa linaruka.

HANIA: Pole. Weka karafuu. Sasa sikiliza, nilichokupigia. Jana uliona?

PANKO: Kuona nini?

HANIA: Panko, usinifanye mtoto. Mechi ya sita. Mjukuu wetu Bohdan na wenzake wamesawazisha. Tatu kwa tatu. Bado moja ya Jumamosi, atakayeshinda hiyo kombe ni lake.

PANKO: Mimi sitazami sarakasi.

HANIA: Sarakasi ni fainali ya—

PANKO: Sarakasi! Timu inaitwa Nge. Nge! Niambie wewe mwenye akili, umeona wapi nge akaishi kwenye barafu? Mji wenyewe Tucson, kule jangwani, jua linakaanga yai juu ya boneti. Nasikia mbwa wa kule wanavalishwa viatu wasiungue nyayo. Mbwa, Hania! Viatu! Mji ambao mbwa anavaa viatu na watu wanavaa kandambili, ndio wa kutufundisha sisi hoki?

HANIA: Wamefika fainali mwaka wao wa kwanza. Haijapata kutokea.

PANKO: Na isingetokea kama dunia ingekuwa na adabu. Timu ilizaliwa juzi, kitovu hakijaanguka! Hawana mzee hata mmoja aliyewahi kuwalilia. Watazamaji wao hawajui waseme nini wala lini. Kisahani kinachochezwa kikitoka nje, wanashangilia. Refa akianguka, wanashangilia. Mashine ya kulainisha barafu ikiingia wakati wa mapumziko, wanasimama wanaipigia makofi! Mimi nimeendesha mashine ya barafu hapa kijijini tangu nywele zangu nyeusi, hajanipigia makofi hata mbuzi. Ukiendesha mashine ya barafu hupigiwi makofi. Unaheshimiwa kwa kuachwa ufanye kazi.

HANIA: Pengine wamefurahi kuona barafu tu.

PANKO: Halafu kabla ya mechi taa zinazimwa, linashuka li-nge la plastiki kutoka darini, macho yanawaka mekundu, mkia unatikisika. Msyuu! Juzi kamba ikakwama, likabaki linaning'inia juu ya kipa mpaka—

HANIA: Umejuaje?

PANKO: Nini?

HANIA: Kwamba lilikwama juzi. Si umesema hutazami?

PANKO: Nimeambiwa.

HANIA: Na nani?

PANKO: Na... Zonia.

HANIA: Zonia hatazami hoki. Zonia anatazama zile tamthilia za watu kufufuka.

[krr, krr, krr]

PANKO: Laini hii mbovu. Sikusikii.

HANIA: Mimi nakusikia vizuri. Basi nikwambie lililonileta. Bohdan kanipigia asubuhi. Ametoa viti viwili vya Jumamosi, na tiketi za ndege ya Ijumaa. Kimoja changu.

PANKO: Hongera. Usisahau kandambili.

HANIA: Na kimoja chako.

PANKO: Kiti cha Irka hicho, umekosea.

HANIA: Irka? Irka hawezi hata kutazama kwenye runinga. Mwanawe akikanyaga barafu, yeye anajifungia bafuni na bomba kalifungulia asisikie. Kiti ni chako. Kakutaja kwa jina. Kasema, "Bibi, uje na Babu Panko. Bila yeye usije."

PANKO: Hakusema hivyo.

HANIA: Nimemtia maneno mdomoni lini mimi mjukuu wangu? Anapiga tena saa sita hii kutaka jibu, kabla klabu haijavitoa viti kwa wengine. Na mimi na nyonga hii peke yangu siendi, unajua. Huendi wewe, siendi mimi. Atacheza mechi kubwa kuliko zote atakazocheza maishani, na ndugu yake hata mmoja hayumo ukumbini. Basi, ndilo hilo. Unakuja au huji?

PANKO: Siji.

HANIA: Fikiri kwanza.

PANKO: Nimefikiri. Nikakae katikati ya watu wa kandambili, nimeshika kidole cha sponji cha kushangilia? Mimi ni mtu wa Korongo, timu ya kwetu. Babangu mtu wa Korongo. Nilizaliwa redio inatangaza Korongo, mkunga akamwambia mama asubiri kwanza goli. Nikifa mnifunike ile jezi ya buluu.

HANIA: Korongo wametolewa.

PANKO: Wametolewa kiume! Na timu yenye historia. Siyo hawa makombo.

HANIA: Makombo tena.

PANKO: Waitweje? Si ulikuwepo! Waliambiwa timu kongwe zote: ficheni wachezaji wenu wa maana, mkishaficha, wageni wataokota mmoja mmoja katika mabaki. Ndivyo Nge walivyoundwa. Mabaki ya sahani za watu! Huyu magoti yamekwisha, yule mgomvi, yule mzee, yule kipa anasinzia. Wakayarundika pamoja wakayaita timu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

HANIA: Chungu huyo yuko fainali.

PANKO: Bahati.

HANIA: Mechi zaidi ya mia, bahati.

PANKO: Ipo bahati ndefu.

HANIA: Na mjukuu wako naye ni ganda?

PANKO: Sijasema hivyo.

HANIA: Leo hujasema.

PANKO: Hania, nina mkate kwenye oveni—

HANIA: Hujawahi kuoka mkate tangu kuzaliwa. Kaa hapo. Mwaka jana, mwezi kama huu, siku ile majina yalipotangazwa. Tulikuwa ukumbi wa kanisa, ubatizo wa mtoto wa Zonia. Mkasikia kwamba Korongo wamemwacha Bohdan bila kumficha, na Nge wamemchukua. Ukasimama na kahawa yako mbele ya wazee wenzako wote. Ukasema nini?

PANKO: Nilisema maneno ya kilimo.

HANIA: Ulisema, "Mkulima hapeleki ng'ombe mzuri mnadani."

PANKO: Nilisema ng'ombe. Sikusema mtu.

HANIA: Wazee wakacheka.

PANKO: Wale wanacheka hata mazishini.

HANIA: Bohdan alikuwa mlangoni, Panko. Kabeba sinia la perohe za viazi. Kavaa ile jezi ya buluu uliyompa wewe.

[Saa ya ukutani inasikika ikigonga jikoni kwa Panko.]

PANKO: ...Hukuniambia.

HANIA: Nilidhani ungejua mwenyewe. Mtoto aliweka sinia juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hajatia mguu kijijini tena. Krismasi ya kanisa letu, ile ya Januari, ulimwekea kiti, ukakiona kitupu, ukasema ndege zina theluji.

PANKO: Zilikuwa na theluji.

HANIA: Nani alikuwa anamwaga maji nyuma ya zizi kila baridi, usiku na mchana, mpaka pakawa kioo cha mtoto kutelezea? Nani alimpa kiti cha jikoni akishike asukume, akiwa na miaka minne, makamasi yameganda mpaka kidevuni?

PANKO: Kiti changu hicho. Miguu ililika yote. Mpaka leo kinayumba.

HANIA: Hukukitupa.

PANKO: Nakikalia sasa hivi. Sasa ulitaka niseme nini siku ile? Korongo hawakosei, Hania. Maisha yangu yote nimewaamini. Kama wamemwacha, basi... wamemwacha. Ama wao wamekosea, ama—

HANIA: Ama?

PANKO: Ama basi. [krrr, krr] Na mtoto mwenyewe ana kasoro. Simpaki mafuta. Anapiga chini kulia. Kila siku chini kulia, kama ameahidiana nako. Na yule kipa wa wapinzani hulala kulia kwanza, kila mara, gogo lile! Sasa unapiga alikolala mtu ili iweje? Inua juu, kushoto, kuko wazi kama mlango wa zizi. Jana peke yake kapiga mara nne—

HANIA: Jana.

PANKO: Nimeambiwa.

HANIA: Zonia tena?

PANKO: Redio ilikuwa wazi. Nilikuwa natafuta bei ya ngano.

HANIA: Sawa. Hebu nikuulize jambo lingine, la kawaida tu. Huko bado mnafuata ile desturi ya ndevu?

PANKO: Ndevu zipi?

HANIA: Za mtoano. Kwamba mechi za mtoano zikianza hakuna mwanamume anayegusa wembe mpaka timu yake itolewe.

PANKO: Tunafuata. Hiyo haiulizwi. Mtu akinyoa mapema anaiua timu.

HANIA: Na Korongo walipotolewa?

PANKO: Aprili. Theluji bado ipo. Tukanyoa wote siku moja, ukumbini, kama ilivyo ada. Zonia alileta beseni na maji ya moto. Sakafu ikawa kama ya kukata manyoya ya kondoo.

HANIA: Wote?

PANKO: Nimesema wote.

HANIA: Panko. Nifanyie kitu kimoja.

PANKO: Mradi siyo ndege.

HANIA: Siyo ndege. Hiyo simu itoe shavuni. Ishike mbali kidogo, kama shibiri.

PANKO: Ya nini?

HANIA: Nifanyie tu, mdogo wangu.

[Laini imetulia kabisa.]

PANKO: Haya. Iko mbali. Napiga kelele kama muuza samaki, umefurahi?

HANIA: Sema neno.

PANKO: Neno gani?

HANIA: Lolote.

PANKO: Nge ni takataka.

HANIA: Safi kabisa. Kama kengele ya kanisa. Sasa irudishe shavuni.

PANKO: Hania, salio la watu linakwisha—

HANIA: Irudishe.

[krrr. Krr, krr, krrrr.]

HANIA: Upepo umerudi. Ndevu za nani hizo, Panko?

PANKO: Zangu. Uso wangu.

HANIA: Uso najua ni wako. Nauliza unamfugia nani. Korongo wako wamelala tangu Aprili.

PANKO: Wembe umekuwa butu.

HANIA: Dukani kwa Zonia nyembe zimejaa.

PANKO: Nimekwambia nina jino!

HANIA: Jino halioti manyoya.

PANKO: Wee Hania, umri huu—

HANIA: Zimefika wapi?

PANKO: ...Kifungo cha juu cha shati.

HANIA: Yesu wangu. Kumbe ndiyo skafu. Unawakejeli Nge kutwa nzima mbele ya wazee wa kahawa, na chini ya skafu umewafugia Ng—

PANKO: Usiseme! Funga mdomo! Usiitaje hiyo timu pamoja na ndevu! Ndevu zikitajwa za nani, zimekwisha nguvu! Unataka wafungwe Jumamosi? Mtu mzima umezaliwa nchi hii, hujui hata—

HANIA: Nimenyamaza.

PANKO: Gonga mbao, mkosi utoke.

HANIA: Meza ya Irka ni plastiki.

PANKO: Tafuta mbao, mwanamke!

HANIA: [ko, ko, ko] Mlango. Umeridhika?

PANKO: Tena.

HANIA: [ko, ko, ko] Tangu lini?

PANKO: Tangu siku ile ya beseni. Tulikuwa tumepanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikasema natoka kidogo, nikaangalie mashine ya barafu.

HANIA: Ilikuwa na nini mashine?

PANKO: Mashine ilikuwa nzima.

HANIA: Basi njoo, Panko.

PANKO: Nitapitaje kwa wazee? Ijumaa asubuhi wote wako pale dukani. Wataniona na sanduku. Nimewatukana hao... hao wa jangwani mwaka mzima. Mimi ndiye niliyewaita makombo, jina ni langu! Watanicheka mpaka kaburini, halafu watakuja kucheka na huko.

HANIA: Si umesema wale wanacheka hata mazishini? Wacheke. Wewe uliwachekesha, mtoto akabeba. Sasa beba na wewe.

[mlio: tiit]

PANKO: Nini hiyo?

HANIA: Salio. Sema upesi.

PANKO: Pasipoti! Picha ya pasipoti yangu sina ndevu. Nimenyolewa kama yai. Mpakani watasema siyo mimi.

HANIA: Utawaeleza ni za mtoano.

PANKO: Hawa wa mpakani nao ni watu wa hoki?

HANIA: Huku kwetu nani siyo? Ila usitaje za nani.

PANKO: Sitaji! Nitasema nina jino.

[tiit]

HANIA: Panko, saa sita imefika. Nimwambie nini?

PANKO: Mwambie viti viwili. Mwambie vya chini, nione miguu. Vya juu ni vya watalii.

HANIA: Na lile la ng'ombe?

PANKO: ...Hilo nitalisema mwenyewe. Uso kwa uso. Simu zinakwaruza.

HANIA: Ndiyo. Zinakwaruza.

PANKO: Na usimwambie juu ya ndevu!

HANIA: Si ataziona?

PANKO: Kuona ruhusa. Kutamka ndiyo mwiko. Na mwambie, bora umwambie sasa hivi kabla hawajaanza mazoezi, yule kipa analala kulia, asipige tena chini, ainue—

HANIA: Ainue nini? Panko, sema, inakat—

[tiit, tiit, tiit]

PANKO: Kushoto! Juu! Na huko nibebe koti au nisibebe? Hania? Uwanja wa barafu katikati ya tanuri, mtu avae nini? Haloo? Haloo!

[simu imekatika]

PANKO: Nge. Kwenye barafu. Msyuu!

[krr, krr]

PANKO: Juu kushoto, mwanangu. Nisubiri nije nikwambie.